SAKAFU YA MBAO KATIKA CHUMBA CHA SHIMONI, NA JINSI YA KUUSHINDA UNYEVU

Watu wa bara waendao Dar es Salaam kununua bidhaa Kariakoo huona huko jambo lisilo la kawaida vijijini, nalo ni maduka na maghala yaliyo chini ya ardhi. Mtu hushuka ngazi, akakuta chumba kimejaa vitambaa, viatu au vyombo, na taa zawaka mchana kama usiku. Vyumba vya namna hii wenyeji huviita shimoni. Hata Soko Kuu la Kariakoo, lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilijengwa likiwa na sehemu yake ya shimoni. Sababu yafahamika: kiwanja cha katikati ya mji ni ghali, na mwenye nyumba asiyeweza kujitanua kwa pembeni hana budi kupanda juu au kushuka chini.

Siku hizi wako wenye maduka na ofisi wapendao kutandika sakafu ya mbao katika vyumba hivyo, kwa kuwa mbao hupendeza macho na hazichoshi miguu ya mtu asimamaye kutwa. Wengine hufanikiwa. Wengine hutandika mwezi wa Januari, na masika yakiisha sakafu yao imeinuka katikati kama mgongo wa ngamia, chumba chanuka uvundo, na fedha yote imepotea. Twapenda leo kueleza kwa nini mambo huwa hivyo, na kazi hii ifanywe kwa taratibu gani.

Pengine msomaji wa kijijini atasema, “Haya yanihusu nini mimi, nisiye na shimo wala ghorofa?” Yamhusu kwa njia tatu. Kwanza, mbao hizo zatoka katika misitu ya wilaya zetu, na atakayeziuza mbichi ataharibu jina lake sokoni. Pili, vijana wengi wa vijijini ndio wapangaji wa maduka hayo ya shimoni. Tatu, kanuni za unyevu ni zile zile chini ya duka la Kariakoo, chini ya ghala la mahindi, na chini ya kabati la vitabu vya shule.

Ubao hunywa na kutapika

Ubao, ingawa mti wake umekufa, haukomi kunywa maji na kuyatoa. Ndani yake mna nyuzi nyingi nyembamba, na nyuzi hizo huvuta mvuke wa maji kutoka hewani mpaka zilingane na hewa iliyozizunguka. Hewa ikikauka, ubao hutoa maji. Hewa ikilowa, hunywa tena. Rangi na vanishi huchelewesha jambo hili, lakini haziwezi kulikomesha.

Mafundi hupima unyevu wa ubao kwa kuulinganisha na uzito wa ubao huo huo ukiwa mkavu kabisa. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 50, kama ndani ya chumba kilichopozwa kwa mashine, ubao hutulia karibu na asilimia 9. Hewa ya asilimia 65 huufikisha karibu na 12. Hewa ya asilimia 80, ambayo ni ya kawaida katika pwani yetu, huufikisha karibu na 16. Na hewa ya asilimia 90 huufikisha karibu na 20. Ukizidi 20 ubao umo hatarini, maana hapo ndipo kuvu ziozeshazo mbao huanza kupata riziki yao.

Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi wake jambo hili kwa mizani na tanuri. Akate kipande cha ubao mbali na ncha zake, akipime, kisha akikaushe katika joto la nyuzi 103, akipime tena na tena mpaka uzito usipungue. Tuseme kwanza kilikuwa gramu 600, na mwisho gramu 500. Maji yaliyotoka ni gramu 100. Gawanya 100 kwa 500, utapata asilimia 20. Ubao huo haufai bado kutandikwa.

Tena, ubao unywapo maji hauongezeki urefu ila kidogo sana, huongezeka upana. Hapa ndipo hesabu ya fundi mvivu inapomsuta. Tuseme kila ubao wavimba milimita 1 tu kwa upana, na chumba kina mbao 40 zilizopangwa bega kwa bega. Zote pamoja zataka nafasi ya milimita 40. Kama nafasi hiyo haipo, mbao hazitasubiri. Zitasukumana, na kwa kuwa ukuta hausogei, zitainuka juu. Nguvu ya mbao zinazovimba ni kubwa: watu wa kale walipasua mawe kwa kupigilia kabari za mbao kavu katika nyufa na kuzimwagia maji.

Maji ya shimoni hutoka wapi

Yapo maji ya namna tatu yaingiayo shimoni, na kila moja ina dawa yake. Asiyeyatenga hutibu homa kwa dawa ya jeraha.

Namna ya kwanza ni maji ya mvua yatokayo juu. Dar es Salaam hupata kwa mwaka mvua izidiyo milimita 1,000, na sehemu kubwa hunyesha katika masika, tangu Machi mpaka Mei, na nyingine wakati wa vuli. Mitaa ya Kariakoo imejaa nyumba na lami, hivyo maji hayapati mahali pa kuzama, bali hukimbilia mifereji. Na mfereji ukizibwa kwa takataka, maji huteremka katika ngazi za shimoni. Chini ya Kariakoo liko bonde la Msimbazi na Jangwani, ambalo hufurika mara kwa mara. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu kadhaa katika mji huo. Maji yakishakosa njia huko chini, hata mifereji ya juu huchelewa kutoka.

Namna ya pili ni maji ya ardhini. Mji wa Dar es Salaam umekaa kando ya bahari, na mahali pengi ni mchanga. Maji ya chini hayako mbali na uso wa nchi, na wakati wa masika hupanda. Ukichimba chumba, umefanya kama dau lililozamishwa katika mchanga wenye maji. Maji husukuma kuta na hata sakafu kwa chini. Yakisimama mita 1 juu ya kitako cha jamvi la zege, husukuma kila mita moja ya mraba kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 1,000. Jamvi lenyewe, likiwa na unene wa sentimita 15, lina uzito wa kilo 360 hivi kwa kila mita ya mraba. Basi si ajabu jamvi lisilofungwa vema kwa nondo kupasuka na kutoa chemchemi katikati ya duka.

Tena, zege na mawe hunyonya maji hata pasipo msukumo, kama utambi unyonyavyo mafuta ya taa. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo zaonekana katika majengo ya kale ya mjini kama Boma la Kale la zama za Sultani Majid, hunyonya sana. Dalili yake ni rangi kubambuka karibu na sakafu, na unga mweupe wa chumvi kutokea ukutani.

Namna ya tatu ndiyo huwadanganya wengi: maji yatokayo katika hewa yenyewe. Hewa ya moto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Kwa joto la nyuzi 30, mita moja ya ujazo wa hewa yaweza kubeba gramu 30 hivi za maji; kwa nyuzi 25, gramu 23 tu. Sasa, hewa ya mchana yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 imebeba gramu 24. Ikishuka shimoni na kukuta sakafu ya nyuzi 25, haiwezi tena kuubeba mzigo wote. Hutua sehemu yake juu ya sakafu, kama chupa ya soda iliyotoka barafuni inavyotoa jasho mezani. Hivyo mtu afunguaye milango yote mchana wa Aprili, akidhani anakausha shimo lake, huenda analilowesha.

Jaribio la siku moja

Kabla ya kununua hata ubao mmoja, sharti ujulikane ugonjwa. Twaa kipande cha karatasi ya nailoni nzito, chenye upana wa nusu mita kila upande, ukibandike juu ya zege kwa utepe wa gundi pande zote nne, pasiwe na mahali pa hewa kupita. Kiache usiku na mchana. Kisha tazama. Ukiona matone chini ya karatasi, au zege limegeuka jeusi, unyevu watoka ardhini. Ukiona matone juu ya karatasi, na chini pakavu, unyevu watoka hewani. Pande zote mbili zikilowa, una magonjwa mawili.

Fanya hivyo mahali patatu au zaidi, hasa pembeni na karibu na mabomba. Na jaribio la kiangazi lisikutie tumaini. Lirudie katika masika. Kwa ajili hii twashauri mtu aliyepanga au kununua chumba cha shimoni akikalie masika moja kamili kabla ya kutandika mbao. Aulize pia majirani na wachukuzi wa mtaa: maji yaliingia mwaka gani, na yalifika ngazi ya ngapi? Kipimo cha fundi ni kizuri, lakini mchukuzi aliyeokoa marobota ya vitambaa usiku wa mvua ana habari ambazo kipimo hakina.

Na likionekana kwamba maji huingia chumbani, walau mara moja kwa mwaka, twasema wazi: usitandike mbao. Weka vigae au zege laini, na bidhaa uziinue juu ya vichanja. Sakafu ya vigae iliyooga maji hufagiwa na kukauka. Sakafu ya mbao iliyooga maji hung’olewa.

Maji yatengenezwe kwanza, mbao baadaye

Kazi huanzia nje. Mlango wa ngazi uwe na kizingiti kilichopanda juu kuliko njia, tena uwe na paa. Mabomba ya maji ya paa yapeleke maji mbali na msingi. Mifereji izibuliwe kabla ya Machi na kabla ya Oktoba.

Kwa maji ya ardhini, dawa iliyo bora huwekwa wakati nyumba inapojengwa, kwa nje ya kuta na chini ya jamvi, ili maji yenyewe yakisukuma yaigandamize ile dawa ukutani. Rangi ya kuzuia maji ikipakwa kwa ndani peke yake, maji huisukuma kutoka nyuma na kuibambua. Kwa nyumba iliyokwisha jengwa, mafundi hutumia saruji maalumu iingiayo ndani ya vitundu vya zege na kuviziba. Au huacha maji yaingie kwa adabu, yaani huweka utando wenye vijivimbe ukutani, maji yakateremka nyuma yake mpaka mfereji mdogo wa pembeni, na mfereji ukayapeleka katika kisima kidogo chenye pampu.

Pampu hiyo yataka uangalifu. Mvua kubwa na kukatika kwa umeme ni ndugu wawili waendao pamoja, hivyo pampu moja itegemeayo umeme wa mji peke yake ni mlinzi alalaye siku ya wizi. Pawe na pampu ya pili yenye betri. Wala asitokee mtu akawasha jenereta ndani ya shimo: moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu kabla hawajajua kwamba wanaugua. Tena, maji yatolewayo yatazamwe. Yakitoka na mchanga, pampu izimwe na mhandisi aitwe, maana mchanga huo ndio uliobeba msingi wa nyumba.

Kwa unyevu wa hewa, milango ifungwe saa za joto la mvua, na hewa ipoozwe au ikaushwe kwa mashine. Mashine ya kukausha hewa hukusanya maji katika ndoo au kuyatoa kwa mpira. Kipimo cha unyevu wa hewa, kiitwacho haigromita, kitundikwe ukutani. Chumba kilichokusudiwa mbao kikae kati ya asilimia 45 na 65, siku zote, si mchana tu. Mwenye duka azimaye mashine kila jioni, na kuacha hewa ipande mpaka 85 usiku kucha, huzifanya mbao zake kunywa na kutapika kila siku, na viungo vyake hulegea upesi.

Zege nalo likauke

Wengi husikia kwamba zege hukomaa kwa siku 28, wakadhani limekauka. Hayo ni mambo mawili. Siku 28 ni za nguvu. Kukauka kwahitaji muda mrefu zaidi. Kanuni ya mafundi ni mwezi mmoja kwa kila inchi moja ya unene, na hapo hewa iwe kavu. Jamvi la inchi 4 litahitaji miezi minne, na miezi ya masika isihesabiwe. Atandikaye mbao juu ya zege jipya amelifunika sufuria ya maji kwa mbao zake.

Hata zege likionekana kavu, sharti pawe na kizuizi kati yake na mbao. Tandaza karatasi ya nailoni nzito, yenye unene usiopungua robo milimita. Kipande kimoja kipande juu ya mwenzake kwa inchi 6, kisha viungo vifungwe kwa utepe, na kingo zipandishwe ukutani mpaka nyuma ya ubao wa pembeni. Kabla ya hapo zege lifagiwe, na vijiwe viondolewe, kwa kuwa tundu dogo latosha kupitisha mvuke mwingi kwa mwaka.

Mbao za kuchagua

Nchi yetu ina mbao nzuri. Mninga husifiwa sana na maseremala kwa kuwa hautembei sana unapokauka au kulowa, yaani hauvimbi wala kusinyaa kupita kiasi. Msaji, ambao wengi huuita mtiki, una tabia hiyo pia, nao hupandwa katika mashamba ya miti kama Longuza mkoani Tanga na Mtibwa mkoani Morogoro, na katika bonde la Kilombero. Mkongo na mvule nazo ni mbao ngumu zenye sifa. Paina ya Sao Hill ni rahisi kwa bei, lakini ni laini, na mchwa huipenda. Isitumike shimoni pasipo kutiwa dawa.

Lakini jina la mti si kinga ya kila jambo. Moyo wa mti ndio wenye dawa ya asili dhidi ya mchwa na kuvu. Ule weupe wa nje hauna. Mtu auziwaye “mninga” wenye weupe mwingi amenunua chakula cha wadudu kwa bei ya mninga.

Kwa chumba cha chini ya ardhi, mbao zilizo nzuri kuliko zote ni zile za tabaka, yaani mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi, nyuzi za tabaka moja zikikatana na nyuzi za tabaka la pili. Tabaka moja likitaka kuvimba kwa upana, jirani yake humzuia. Juu huwekwa tabaka la mninga au mtiki, na mtazamaji haoni tofauti. Ubao mmoja mzito wa inchi 1 haufai sana shimoni, hata ukiwa mzuri namna gani.

Tena anunuaye adai risiti na vibali vya mazao ya misitu vinavyotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu. Mninga haukui kwa siku mbili, na ubao usio na karatasi waweza kukamatwa njiani pamoja na gari.

Namna ya kutandika

Mbao zikifika zisitandikwe siku ile. Zipangwe ndani ya chumba kile kile, zikitengwa kwa vijiti ili hewa ipite, na mashine za hewa zikifanya kazi kama zitakavyofanya siku zote. Zikae hivyo mpaka unyevu wake ulingane na wa chumba. Kwa mbao za tabaka siku chache zaweza kutosha. Kwa mbao nzito huenda zikahitaji majuma kadhaa. Fundi apime kwa kipimo cha umeme, asipime kwa kiganja.

Hapo tukumbuke hesabu yetu ya milimita 40. Desturi ni kuacha nafasi ya milimita 10 mpaka 15 kila upande wa ukuta, nayo hufichwa na ubao wa pembeni. Nafasi hiyo yatosha kwa mbao zilizozoea chumba. Haitoshi kwa mbao zilizoingia kavu katika chumba chenye unyevu, wala haitaziba mianya ya mbao zilizoingia mbichi katika chumba kikavu. Mbao kuzoea chumba ndiko kwenye kazi. Nafasi ya pembeni ni msaada tu.

Kisha mbao ziunganishwe kwa ulimi na mfereji, ubao ukishika mwenzake, na sakafu nzima iwekwe juu ya tandiko jembamba, pasipo kupigiliwa kwenye zege. Sakafu ya namna hii huitwa ya kuelea. Afadhali hiyo kuliko misumari, kwa kuwa kila msumari upitao ndani ya karatasi ya nailoni hufungua mlango wa maji. Ubao wa pembeni upigiliwe ukutani, usipigiliwe sakafuni, ili sakafu ipate kusogea. Na pale penye bomba, pikate mviringo mpana kidogo kuliko bomba lenyewe.

Ikiwa mwenye nyumba apenda papi chini ya mbao, papi hizo zitiwe dawa, ziwe juu ya karatasi ya nailoni, na hewa iweze kupita kati yake kwa vitundu vya pande mbili. Nafasi iliyofungwa kabisa chini ya mbao ni nyumba ya kuvu na mende.

Gundi na vanishi nyingi hutoa mvuke uwakao moto na kulevya. Shimoni hamna upepo, basi fundi asifanye kazi peke yake, asivute sigara, na feni ya kutoa hewa nje isizimwe. Tukumbuke kwamba Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Na katika chumba chenye ngazi moja, moto ukianzia mlangoni hapana pa kukimbilia. Chumba cha watu kiwe na njia ya pili ya kutokea.

Utunzaji

Sakafu ikishatandikwa isioshwe kwa ndoo za maji. Ifagiwe, kisha ipanguswe kwa kitambaa kilichokamuliwa. Viatu vilivyolowa viachwe juu ngazini. Kila mwezi haigromita itazamwe, na kila robo mwaka ubao mmoja wa pembeni ufunguliwe, mtu atazame na anuse. Harufu ya uvundo hutangulia kuoza. Vichuguu vyembamba vya udongo ukutani ni barabara za mchwa, ambao hupanda kutoka ardhini na kujijengea njia ili wasikauke. Kuvifagia tu hakutoshi, mwenye dawa aitwe.

Kingo za mbao zikipanda na katikati kubonyea, chini mna unyevu kuliko juu. Katikati ikipanda na kingo kushuka, juu ndiko kwenye maji. Wala msiharakishe kupiga randa sakafu iliyobonyea: ikikauka itarudi, na mahali mlipokata patakuwa shimo. Tafuteni maji kwanza.

Onyo la uhai

Yako mambo ambayo uzuri wa sakafu hauwezi kulingana nayo. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo, na watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, wengi wakiwa katika shughuli zao za biashara. Baada ya msiba ule habari za kuchimba chini ya jengo zilisemwa sana. Sisi hatuhukumu, twasema neno moja tu. Mtu asichimbe sakafu ya chumba cha chini, hata futi moja ili kupata nafasi ya mbao na mabomba, pasipo mhandisi aliyesajiliwa kuchora na kusimamia, na pasipo kibali cha halmashauri. Msingi hushikwa na udongo ulio pembeni yake. Ukiutoa, nguzo husimama hewani. Dari ikiwa fupi, afadhali kuacha mbao nene na kuchagua nyembamba kuliko kwenda chini.

Mpangaji naye aonaye nyufa mpya zikipanuka, milango ikikataa kufunga, au sakafu ikititia, asinyamaze kwa kuogopa kupoteza chumba. Atoke, awaambie wenziwe, na apeleke habari kwa serikali ya mtaa siku ile ile.

Kwa walio vijijini

Wauzaji wa mbao wakumbuke kwamba kazi ya sakafu njema huanzia msituni. Mbao zilizopasuliwa zipangwe kivulini, juu ya magogo, mbali na udongo, zikitengwa kwa vijiti vinene sawa, na ncha zipakwe rangi ili zisipasuke. Ubao wa inchi 1 huhitaji miezi kadhaa. Katika hewa ya pwani hautashuka sana chini ya asilimia 15 kwa jua na upepo peke yake. Utakaokwenda katika chumba chenye mashine ya hewa hauna budi kupita katika tanuri la kukaushia. Muuzaji asemaye kweli juu ya jambo hili atapata wateja wa kurudi.

Walimu nao na wenyeviti wa vijiji wajengao maghala na vyumba vya vitabu watumie mafunzo haya haya: karatasi ya nailoni chini ya jamvi, sakafu iliyoinuka kuliko uwanja, paa lenye upenu mpana, na magunia juu ya vichanja, si juu ya zege tupu wala kuegemea ukuta. Mahindi hunywa maji ya hewa kama ubao unywavyo, na kuvu ya mahindi ina sumu kwa watu na mifugo.

Basi mwenye kutaka sakafu ya mbao chini ya ardhi ajue utaratibu wake: maji ya juu yazuiwe, maji ya chini yapewe njia, hewa ikaushwe, zege lingojewe, mbao zizoee, ndipo fundi ashike msumeno. Afanyaye kinyume hununua sakafu mara mbili. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba shimoni ufa huonyeshwa na masika, na mwenye busara huutafuta wakati wa kiangazi.